Siku Terril Itakapokwisha

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu Terril, ule mlima mweusi wa Gécamines ulio hapa mjini Lubumbashi, kando ya mto Lubumbashi, pamoja na shemine, bomba la moshi lililosimama ubavuni mwake. Ukimwambia mtoto wa hapa achore mji wake, atachora vitu hivyo viwili kabla hajachora nyumba yao. Wachoraji wetu wameviuza kwenye turubai, wapiga picha wamevitembeza duniani kote.

Kuna jambo moja tunalolipita haraka tukizungumza juu ya mlima ule: unapungua. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 mashine zinaubomoa na kuupeleka tanuruni, na kila kilichobomolewa hakirudi kuwa mlima. Una mwisho, basi. Siku utakapokwisha, ndani ya mji huu wenye watu zaidi ya milioni mbili patabaki uwanja mkubwa sana, wenye mto pembeni, reli karibu, na Kamalondo kwa mwendo wa miguu. Mji gani mwingine una kiwanja kama hicho? Watakuja watu na ramani za rangi nzuri, zenye maghorofa, maduka na bustani. Mimi sina neno baya juu ya maghorofa. Ninachosema ni kwamba kazi ya kwanza ya mtaa wowote mpya pale ni kushughulikia udongo. Kazi hiyo inalipiwa, na pesa za kuilipia zinatoka sasa hivi kwenye mlima wenyewe. Tukisubiri mlima uishe ndipo tuanze kupanga, tutakuta pesa zimekwenda na sumu imebaki.

Tuanze na jinsi mlima ulivyopatikana. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa Septemba 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilichagua mahali pa tanuru kwa hesabu rahisi: mto ulete maji, reli ilete makaa kutoka Wankie na kupeleka shaba baharini. Shaba ya kwanza ilimiminwa mwaka 1911, ikitokana na mawe ya mgodi wa Étoile, ambao wazee wanaujua kwa jina la Kalukuluku. Mwaka 1926 likasimama bomba la moshi, mita 153 kwenda juu. Mawe ya shaba yakiyeyushwa, kilicho kizito huzama chini na takataka huelea juu. Takataka hizo hutolewa tanuruni zikiwa majimaji ya moto, mekundu, zikamwagwa na kuganda kama kioo cheusi. Zamu baada ya zamu, usiku na mchana, kwa karibu miaka themanini, wanaume wa mji huu walizimwaga mahali pamoja.

Ndani ya kioo hicho cheusi kulibaki mali. Tanuru za zamani zilitafuta shaba, kwa hiyo kobalti nyingi na zinki viliondoka pamoja na takataka. Ndiyo maana, karibu mwaka 2000, Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi kazi ya Union Minière, na washirika kutoka Ubelgiji na Marekani waliunda STL, kampuni ya kuuchakata mlima. Palepale pa Union Minière likajengwa tanuru kubwa la umeme, na aloi yenye kobalti ikawa inasafirishwa mpaka Kokkola, nchini Finland, kwenda kusafishwa. Baadaye STL ikawa mali ya Gécamines peke yake. Mwaka 2024 ikaingia mkataba na Umicore ya Ubelgiji, na mwaka huohuo shehena ya kwanza ya jemaniamu ikaondoka. Jemaniamu ni metali inayotumika kwenye nyaya za mawasiliano zinazopitisha mwanga, kwenye miwani ya kuonea gizani na kwenye paneli za jua za setilaiti. Na Umicore ni nani? Ni Union Minière ya Ubelgiji, ambayo ilibadilisha jina mwaka 2001. Familia iliyomwaga takataka zile ndiyo leo inayonunua kilichosahaulika ndani yake. Siwalaumu kwa kununua. Biashara ni biashara. Nataka tu msikilizaji ajue kwamba anayesema Terril ni masalia ya zamani hajatazama vizuri. Pale kazi inaendelea, malori yanaingia na kutoka, mishahara inalipwa.

Kwa hiyo tusidanganyike na picha za kiwanda kilichokufa. Ni kweli tanuru la shaba la zamani lilizimika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kila mzee wa kambi za wafanyakazi anakumbuka kipindi hicho. Mwaka 1986 Gécamines ilikuwa imetoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka kule Kolwezi, vita vya kisiasa na vya kikabila vikafuata, vipuri vikakosekana, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya sehemu moja ya kumi. Moshi ukakatika. Majengo makubwa ya bati na matofali yakaachwa wazi kwa mvua na kwa wenye kusaka vyuma chakavu. Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, aliyapiga picha majengo hayo, na mwaka 2006 akabandika ndani yake watu wa picha za kale za Union Minière: wafanyakazi waliopangwa mstari, wakitazama kamera, wamesimama katikati ya magofu. Mfululizo huo aliuita Mémoire, na ulizunguka makumbusho mengi ya dunia. Miaka miwili baadaye yeye na Patrick Mudekereza na wenzao wakaanzisha Picha, na kutoka hapo ikazaliwa Bienale ya Lubumbashi. Wasanii ndio waliotangulia kuliona eneo lile kama swali la mji mzima. Wanasiasa wamefuata polepole.

Sasa nije kwenye udongo, na hapa nitakaa kidogo.

Upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Moshi wa shemine ulifuata upepo, ukaelekea kaskazini-magharibi mwaka baada ya mwaka. Ulibeba mambo mawili: gesi ya salfa, ambayo ikikutana na maji hugeuka tindikali, na vumbi la metali, yaani shaba, zinki, risasi, kadmiamu na kobalti. Miombo iliyokuwa imesimama upande huo ikafa. Mvua ya Novemba ikiisha kuosha udongo usio na mizizi, kinachobaki ni ardhi ngumu, nyekundu, iliyopasuka, ambayo mbegu ikianguka haioti. Nenda mtaa wa Penga Penga ukaone. Kati ya nyumba na nyumba kuna vipande vya ardhi ambavyo mtu wa shamba atavitazama na kutikisa kichwa. Hakuna magugu. Msikilizaji, magugu ya Katanga unayajua, huota hata kwenye ufa wa ukuta. Mahali ambapo magugu yamekataa, mtu ajiulize.

Watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Mylor Shutcha, walikwenda Penga Penga na kufanya jaribio lililochapishwa mwaka 2010. Walichukua aina tatu za nyasi za kwetu, wakazipanda kwenye vipande vya ardhi hiyo. Vipande vingine waliviongezea chokaa, vingine mboji, vingine waliviacha vilivyo. Jani moja fupi, linaloota kwa vishungi kwenye vilima vya shaba, lilistahimili kuliko mengine. Wataalamu wanaliita Microchloa altera. Ukiliona hutalijali: halifiki gotini, kiangazi linakauka na kuwa rangi ya majani makavu. Lakini mizizi yake inashika udongo, na udongo ulioshikwa hauwi vumbi, na vumbi lisiloruka haliingii mdomoni mwa mtoto. Chokaa hupunguza ukali wa tindikali, metali ikatulia mahali pake badala ya kupanda kwenye mimea au kuteremka kwenye maji. Mboji nayo huifunga na kuipa mizizi chakula.

Tuelewane hapa, kwa sababu ndipo wenye ramani za rangi nzuri wanapoweza kutupoteza. Njia hiyo haiondoi metali. Inaitia kifuniko. Ardhi iliyotibiwa hivyo inafaa kuwa bustani ya miti, njia ya kutembea, pengine uwanja wa mpira ukitiwa udongo mwingine juu. Haifai kuwa shamba la lengalenga wala matembele, wala kuchimbwa kisima. Ukitaka familia ziishi pale, huna budi kuchota udongo wa juu, kuupeleka mahali palipotengenezwa kwa ajili yake, na kuleta udongo safi, au kuuzika chini ya tabaka la udongo wa mfinyanzi na saruji na kuhakikisha hakuna atakayelitoboa. Kazi ya aina hiyo ni malori kwa maelfu. Ndiyo maana nasema ina bei.

Na usidhani haya ni maneno ya watu wa mazingira wenye wasiwasi mwingi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa chuo kikuu chetu, pamoja na madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliopima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokuwa wakiishi chini ya kilomita tatu kutoka kwenye mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti na metali nyingine mwilini kupita kiasi, na watoto walikuwa na viwango vya juu kuliko wakubwa. Kilomita tatu ni umbali gani kwetu? Chukua ramani ya mji, weka sindano kwenye shemine, zungusha duara. Cité Gécamines imo. Sehemu za Kamalondo na za mji wa kati zimo. Watu hao hawahitaji kusubiri mtaa mpya ndipo mtu aje kupima uwanja wao. Mtoto anayechezea gololi chini leo ana miaka minne leo.

Ombi langu la kwanza kwa mkoa na kwa meya ni ramani ya udongo. Mtaa kwa mtaa, na kwa kina: juu kabisa, nusu mita, mita moja. Visima navyo, kwa sababu Regideso haifiki kila mahali na watu wanakunywa wanachochota. Chuo kikuu kina maabara na kina vijana wanaojua kazi hiyo. Wamekuwa wakiifanya kwa miaka zaidi ya kumi na matokeo yao yanasomwa Ulaya kuliko hapa. Ramani hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila komini, kwa Kiswahili, mama anayelima kando ya mto asome mwenyewe kama uwanja wake unafaa mboga au unafaa maua.

Jambo la pili ni watu.

Union Minière ilipoanza iliwachukua wanaume peke yao, kwa miezi michache, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Walikufa sana, walikimbia sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha njia: ikaleta familia, kutoka Lomami, Kasai, Rwanda na Burundi, kwa mikataba ya miaka mitatu, ikawajengea kambi, shule, hospitali, ikawagawia posho ya unga, samaki na mafuta. Watoto waliozaliwa kambini walilelewa wawe wafanyakazi wa kesho. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu amekusanya kumbukumbu za familia hizo kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Nani hapa hajamsikia mzee akisema kwamba Gécamines ilikuwa baba na mama?

Lakini baba huyo aliwahi kuua. Desemba 1941, katikati ya vita vya dunia, bei zimepanda na mishahara imekaa palepale, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alikuja mwenyewe, askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, aliuawa pale, pamoja na makumi ya wenzake waliokuja kudai nyongeza ya mshahara. Mtaa mpya ukijengwa upande ule bila jina lake mahali popote, tutakuwa tumewazika mara ya pili. Na nikisema jina, namaanisha barabara kubwa, ile ambayo teksi zitapita na watoto watataja wakielekezana. Kibao kidogo nyuma ya uzio hakitoshi.

Halafu ukaja mwaka 2003. Kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango uliopewa jina la Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Hiari yenyewe ilikuwa hivi: mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi, na karatasi ya kuondoka ndiyo pekee iliyokuwa na pesa. Wengi walitia saini. Wengine walinunua minibasi, wengine mashine ya kusaga, wengine walilipa madeni ya shule na dawa, na miaka michache baadaye hakikubaki kitu. Wapo wanaotusikiliza sasa hivi wakiwa kwenye nyumba zilezile za kambi, zenye vyumba walivyoongeza wenyewe, duka dogo la chumvi na sabuni dirishani, mwembe uani. Wao ndio mtaa wa kiwanda. Mtaa tayari upo. Mpango wowote utakaoanza kwa kusema eneo ni tupu utakuwa umeanza na uongo.

Kwa hiyo haki ya kwanza ya kukaa pale ni yao na ya watoto wao. Naomba iandikwe kwenye mkataba kabla ya jiwe la kwanza: sehemu ya nyumba kwa kodi ambayo mwalimu na fundi wanaiweza, karakana na mabanda ya soko kwa watu wa Cité Gécamines na Kamalondo, na kazi za kuuchota na kuufunika udongo kwa vijana wa hapo, wakiwa na vifaa vya kujikinga. Sitaki kuona kijana anayepakia vumbi la risasi akiwa amejifunga kitambaa puani.

Kinshasa wametutangulia katika jambo hili, na inafaa tuwatazame. Texaf, iliyoanzishwa 1925, ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo kando ya mto Congo, kule Ngaliema. Nguo za nje na mitumba vikakiua. Mwaka 2007 kilikuwa kimefungwa. Wenye kampuni hawakuliacha eneo liote magugu. Wamejenga nyumba za kupangisha, maofisi, mahali pa sanaa panapoitwa Bilembo, na Silikin Village ambapo vijana wa kompyuta wanaanzisha kampuni zao. Kwa kazi ya mikono, nawapa heko. Majengo mengine ya zamani yametumika tena vizuri, miti ni mingi, umeme upo. Lakini ni eneo lenye geti, na kodi ya nyumba zake si ya mtu aliyewahi kusuka kitambaa ndani yake. Kiwanda kile kilikuwa mali ya kampuni binafsi, nayo ikafanya na mali yake ilivyotaka. Gécamines ni mali ya taifa. Ardhi ya Terril ni yetu sote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuweka geti.

Kule Essen, Ujerumani, mgodi wa makaa wa Zollverein ulifungwa 1986, na kiwanda chake cha koki mwaka 1993. Waliacha mashine mahali pake, wakaweka makumbusho na shule ya usanifu ndani, na UNESCO ikalitia eneo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Serikali yao ilikuwa na pesa ambazo sisi hatuna, kwa hiyo sitaukazia sana mfano huo. Ninachokiazima kwao ni subira: hawakubomoa kitu kabla ya kujua watakifanyia nini.

Sisi pesa zetu ziko wapi? Sheria ya madini, baada ya kurekebishwa 2018, inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya eneo lenye mradi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka huohuo kobalti na jemaniamu zilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wa madini hayo ni asilimia 10. Vilevile sheria inamdai mwenye haki ya kuchimba aweke dhamana ya kutengeneza mahali anapoacha. Napendekeza kitu kimoja ambacho bunge la mkoa linaweza kukijadili kikao kijacho: sehemu ya mkoa na ya komini inayotokana na Terril iwekwe akaunti moja, isiyoguswa kwa kazi nyingine, kwa ajili ya udongo wa eneo lile, na hesabu zake zisomwe redioni kila mwaka. Tutaisoma hapa, kipindi hikihiki, bila malipo. Lori la mwisho likiondoka, akaunti iwe na kitu ndani.

Nimeulizwa mara nyingi: na miji mipya inayojengwa nje? Kiswishi inajengwa kwenye pori, barabara zimenyooka, viwanja vimepimwa. Wenye uwezo watakwenda. Hakuna ubaya. Lakini mji unaokimbilia pori na kuacha moyo wake ulivyo huongeza safari za kila siku kwa wale wasio na gari. Mama anayeuza unga soko la Kenya, hapa mjini, hataishi Kiswishi. Akipata chumba kizuri kando ya mto Lubumbashi, atakwenda sokoni kwa miguu. Kwake yeye, uwanja wa Terril una maana kuliko kilomita mia za lami mpya.

Na majengo? Hapa najua hatutakubaliana sote. Kuna wanaotaka kila kitu kiondoke, kwa sababu kwao bomba lile ni Mzungu, ni mjeledi, ni kifua kilichojaa vumbi. Nawaelewa, baba zao walikohoa mpaka kaburini. Wengine wanataka kila bati libaki. Mimi nasema shemine ibaki, ikaguliwe na wahandisi na ifungwe chuma pale ilipochoka, kwa sababu ndiyo dira ya mji: aliyepotea Katuba au Ruashi anainua macho. Jumba moja la tanuru libaki, na ndani yake liwekwe jumba la kumbukumbu la wafanyakazi, litakalopokea picha, kadi za kazi na sauti ambazo Chuo Kikuu na Makumbusho ya Taifa vimekuwa vikikusanya tangu 2000 katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Waliofanya kazi tanuruni wawe ndio wanaowatembeza wageni, kwa malipo. Mengine yanaweza kuondoka. Ordonansi ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za kitamaduni inampa waziri uwezo wa kuyaorodhesha majengo yasibomolewe ovyo. Barua ya kuomba hilo haigharimu hata franka elfu, na inaweza kuandikwa wiki hii.

Lile lililobaki la mlima wenyewe ni gumu zaidi. Wapo wanaosema kipande kiachwe, kiwe mahali pa kupanda na kuutazama mji jioni. Mimi ningekubali kwa sharti moja: kifunikwe. Kioo kile cheusi kinavunjika kuwa vumbi, na mvua ikipita juu yake huteremka mtoni. Kama hakiwezi kufunikwa, kiende tanuruni chote.

Ndugu wasikilizaji, nimesema yangu, na simu ziko wazi mpaka habari za saa moja. Leo naomba watangulie wa Penga Penga na wa Cité Gécamines. Tuambieni kisima chenu kina kina gani, mnalima nini uani, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuja kupima udongo wenu akarudi kuwaonyesha majibu. Mnaojua waliofanya kazi zamu za usiku tanuruni, wapeni simu wazungumze wenyewe.